Dira Iliyotoka Majini

Eivind, kaka yangu, alizama na manowari yake kwenye mwamba kaskazini mwa Bergen, miaka michache baada ya vita. Tume ya Nahodha Tveit ikasema dira haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mshika usukani, yaani Eivind. Maiti hana mdomo. Tangu hapo mama hakwenda tena kunywa kahawa kwa majirani.

Dira iliyotakaswa hivyo ikaopolewa, ikakaushwa, ikafungwa kwenye manowari pacha. Na humo ndimo nilimopangwa mimi, chini ya Tveit huyohuyo. Mabaharia waliichukia ile dira. Kila asubuhi waliweka kikombe cha kahawa kando yake kwa ajili ya waliozama, na kila jioni nilikikuta kimebaki nusu. Nilimuuliza kila mtu; hakuna aliyekunywa.

Siku ya ukungu tulipofika mkondo uleule alikozama Eivind, mshika usukani akasema hataifuata dira ile. Tveit akatucheka, akatuuliza kama tumeajiriwa na jeshi au na mizimu. Akamsukuma kando, akashika usukani mwenyewe ili atutoe ujinga.

Nilikuwa kando yao, dirishani. Nikasikia harufu ya tumbaku ya Eivind, iliyolowa maji, kisha mluzi wake, ule wa kuniita kula. Nikageuka ulikotoka. Povu lilikuwa likivunjika juu ya jiwe.

"Afande, mwamba. Kushoto."

Tveit hakuinua macho. "Dira inasema tuko salama."

"Hata kaka ilimwambia hivyohivyo."

Ndipo akatazama. Akakata usukani kulia kwa nguvu zake zote, jiwe likapita karibu hata tukaona mwani wake. Baadaye vidole vyake vilikataa kuachia usukani.

"Nani alikuwa ameushika, afande?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Basi kamwambie mama."

Alikuja, sitamnyima hilo. Mama alimimina vikombe vinne vya kahawa, kimoja akakiweka mbele ya kiti cha Eivind. Tveit akasema, macho chini, kwamba dira ilikuwa mbovu, kwamba yeye ndiye aliyeitakasa bila kuipima vizuri, na kwamba tume ameshaiambia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rudia," akasema. "Lakini usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Tveit akakitazama kile kiti kitupu. Akavua kofia, akaanza upya.