Okei ya Pankras

Pankras Ndunguru alibakiwa na neno moja tu kinywani, na neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Mengine yote yalimtoka siku kampuni ilipokuja kijijini Ukata kupima kahawa, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya kikao ambamo yeye alitakiwa kusema hapana.

Neno lilikuwa okei. Aliyelileta ni Bwana Henry, ofisa wa kampuni, mtu wa heshima mwenye viatu safi hata wakati wa matope. Serikali ilikuwa imefungua soko, ushirika haununui tena peke yake, na kampuni zilipanda milima ya Umatengo na mizani zao tangu mwezi wa tano, kahawa ya kwanza ikianza tu kukauka. Henry alikuwa na okei ya kila kazi. Akiipenda kahawa, okei. Akiikataa, okei pia, ila fupi. Akipewa maji ya kunywa, okei. Dereva akichelewa, okei mbili za haraka. Gari likiwaka, okei ndefu ya kuagia. Alipomaliza kupima gunia la Pankras alimpa mkono, akauliza, "Okei, mzee?" Pankras aliishia darasa la nne na hakutaka kuonekana mshamba mbele ya majirani. Aliupokea mkono, akajibu, "Okei."

Nyumbani mkewe Kunigunda alimwuliza kama amekula. Okei. Akamwuliza gunia limetoka na kilo ngapi. Okei. Kunigunda akaweka ungo chini, akamsogeza mlangoni penye mwanga, akamtazama kinywani. Kweli hamkuwa na kingine.

"Haya, baba Marselina, kula hivyo hivyo," alisema. "Ugali hauhitaji maneno."

Siku mbili za mwanzo hakuna aliyesumbuka. Okei ya kuita mbuzi ilikuwa na mkia mrefu. Okei ya kukemea watoto iliishia puani. Kanisani alisali rozari nzima kwa okei, katekista akahesabu makumi yote, akasema yametimia. Kilabuni jirani yake Mansuetus alishukuru.

"Zamani huyu akishika zamu ya kuongea, pombe inachacha mara ya pili," alisema. "Mwacheni apumzike."

Shida ilianza siku ya tatu. Nguruwe pori walishuka kwenye mahindi yaliyokuwa bado shambani. Pankras alisimama ukingoni, akawapigia kelele kwa hasira zote alizokuwa nazo: "Okei! Okei!" Nguruwe wakasimama, wakasikiliza, wakaingia. Walikula mistari minne, wametulia kama wageni walioalikwa. Kesho yake wingu lilitokea kahawa ikiwa juani. Alilikemea kwa neno hilo hilo, na mvua ikanyesha juu ya uwanja wake peke yake mpaka jioni. Jirani upande huu na jirani upande ule waliendelea kugeuza kahawa zao.

Ikawa wazi kwa wote. Watu walisikia anachotaka. Vitu vilisikia neno.

"Na karatasi je?" aliuliza Placidi, mdogo wake. "Karatasi itamsikiliza kama mtu, au kama nguruwe?"

Karatasi ilikuwepo kweli, ikisubiri neno la Pankras. Hata kabla ya kuleta mizani, kampuni ilikuwa imeomba bonde la ukoo, pale chemchemi inapotokea, ijenge mashine ya kumenya kahawa. Kwa Wamatengo ukoo hukaa kilima chake, na wanaume hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao. Mlo huo na kikao chake huitwa sengu, na mambo ya ardhi huamuliwa hapo. Mkubwa husema mwisho. Akishasema, maji ya kunawa hupitishwa, na jambo limekwisha. Mdogo hasemi juu ya kinywa cha kaka aliye hai. Mkubwa wa kilima kile alikuwa Pankras, na tangu Kwaresima kila mtu alijua jibu lake. Pale bondeni ndipo walipochota maji, na ndipo alipolala baba yao.

Kunigunda alikaa na jambo hilo siku nzima, kisha akatoa shauri. Neno la Kiingereza lirudishwe kwa Waingereza. Mapadri wa milimani walikuwa Wajerumani, sala zao hazikuijua lugha ile. Lakini chini ziwani, Liuli, walikuwepo Waanglikana, na mama yake mdogo Ottilia aliolewa huko. Aliwafulia masista wa Kiingereza miaka kumi na minane. Kama kuna mtu anayejua madoa yao, ni yeye.

Walishuka kwa miguu na maharage kichwani. Walimkuta Ottilia anaanika usipa, vile visamaki vyembamba vya ziwa, juu ya chanja. Aliomba radhi kwanza, maana si desturi kumshika mkwe, kisha akamfungua kinywa na kuinua ulimi kwa mpini wa kijiko.

"Lipo. Limekingama kama mwiba."

"Litoe basi, mama mdogo."

"Lingeingia lenyewe ningelitoa. Hili alilipokea kwa mkono. Halitoki mpaka lipate pa kukaa." Alifuta kijiko kwenye khanga. "Na wewe, baba, nani alikutuma? Ungeitika 'naam' kama wenzako, ungepungukiwa nini?"

"Okei," alisema Pankras kwa uchungu.

"Usiniitikie! Nyamaza. Sengu yenu inauliza mara ngapi?"

"Tatu," alisema Kunigunda.

"Mkubwa akinyamaza zote tatu?"

"Jambo linalala mpaka mavuno yajayo."

"Basi anyamaze mara tatu. Mtu mwenye mvi atashindwa kunyamaza?"

Njia nzima ya kupanda Pankras alifanya mazoezi. Waliokutana naye aliwatikisia kichwa tu na kupita upesi. Kufikia siku ya nane alikuwa amefunga taya kwa kitambaa kama mgonjwa wa jino, akikifungua kula uji. Alianza kuogopa kupiga chafya. Alikaa na mgongo ukutani, akihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kunigunda alimwekea mkono begani, akautoa haraka, asije akamshtua.

Siku ya tisa wanaume ishirini na wanane walikula sengu. Bwana Henry alipewa kigoda. Karatasi ilishikwa na Vitalis, mtendaji wa kijiji, mtoto wa binamu yake Pankras. Vitalis alikwishaahidiwa ukarani wa mashine, jambo ambalo hakulificha. Chini ya karatasi paliachwa mstari mmoja mtupu.

Aliuliza mara ya kwanza kama mkubwa anatoa bonde. Pankras alinyamaza.

Aliuliza mara ya pili. Pankras alinyamaza, na jasho likamtoka kwenye nyusi mpaka kwenye mchuzi wa maharage. Placidi alitazama chini asimwongezee mzigo wa macho.

Vitalis aliuliza mara ya tatu. Kisha, kabla kimya hakijakomaa, alivua kofia na kuinama.

"Halafu nimejisahau, tangu nifike sijakuamkia. Shikamoo, baba mkubwa."

Shikamoo ya mtoto isipoitikiwa ni laana. Mzee anayeiacha ikining'inia amemkata mtoto huyo katika ukoo, yeye na watakaozaliwa naye. Wanaume wote walimtazama Pankras. Pankras alikitazama kichwa kilichoinama mbele yake, ambacho yeye mwenyewe alikinyoa kwa wembe Vitalis alipokuwa wa ubatizo. Alivumilia. Alivumilia tena kidogo.

"Okei," alisema, kwa upole.

Wote walisikia marahaba. Hata Bwana Henry alisikia marahaba. Lakini neno lilishuka kidevuni, likaanguka mkekani, likapita kando ya bakuli, likapanda goti la Vitalis na kukaa kwenye mstari mtupu. Vitalis alilipuliza likauke.

"Marahaba, mwanangu," alisema Pankras, maana maneno yake yalikuwa yamerudi yote. "Nilisema marahaba. Bonde hapana. Hapana!"

"Tumekusikia, baba mkubwa," alisema Vitalis, akiashiria maji. "Hakuna ambaye hajasikia. Ila karatasi imeshashika."

"Kaka ungewahi kidogo," alisema mmoja.

Maji ya kunawa yalipita. Placidi alikataa kunawa, akakaa na mikono juu, mchuzi ukimkaukia vidoleni. Wengine walinawa.

Pankras anaongea vizuri mpaka leo, na kilabuni amerudi kushika zamu ndefu. Akisema kwamba alikataa, hakuna anayembishia. Kampuni nayo haimbishii.

Mashine ilijengwa. Ilichukua chemchemi moja. Ilichukua mashimo mia mbili na sita ya ngolo, kilimo cha mteremkoni cha Wamatengo, yaliyolimwa kwa jembe la mkono. Ilichukua miti ya kahawa mia nne na kumi. Makaburi yalikuwa matano: manne yalihamishwa, la tano, la baba yao, halikuonekana lilipo. Nyumba mbili zilibomolewa, na moja ilikuwa ya Placidi, aliyehamia Kitura na hajala sengu na kaka yake tangu hapo. Maji Kunigunda huyafuata bonde la tatu, mara mbili kwa siku. Kwenda ni saa moja. Kurudi, na ndoo kichwani, ni saa moja na nusu.