Dozi Mbele ya Mama Mkwe

Dawa ya methadoni kuinywa si kazi. Kazi ni kuonyesha umeinywa. Pale gerezani, kilimani juu ya Lushoto, kila asubuhi saa mbili wafungwa kumi na moja waliokuwa wakitibiwa uraibu wa unga walipanga foleni mbele ya meza ya nesi. Unapewa kikombe, unameza, unashushia na maji, unafungua mdomo nesi amulike tochi mpaka koo lionekane, unanyanyua ulimi, halafu unasema neno lolote kwa sauti. Mwenye dawa shavuni hawezi kusema, na wajanja waliojaribu kuibana wakaiuze walishawaharibia wenzao.

Yonathani hilo la kusema ndilo alilolipenda. Miezi saba alikuwa akimpigia nesi Anord matangazo ya kanisani: "Tunatangaza ndoa kati ya Bwana Anord na Bi Methadoni, mwenye pingamizi aseme!" Foleni nzima inacheka, mpaka Afande Nikodemo anajisahau naye anacheka. Na alikuwa na haki ya kufurahi. Aliingia mifupa mitupu, kwa kosa la kuiba tarumbeta la kwaya ya usharika wao na kuliuza Tanga ili avute unga. Sasa alikuwa na mashavu. Anakula, analala, anapalilia kabichi za gereza.

Basi Jumatatu moja Anord kaenda mafunzo, na nyuma ya meza, miwani puani na sweta la zambarau, kaketi mama yake Vumilia. Vumilia ni mke wa Yonathani. Kwa hiyo nesi huyu mgeni, Modesta, ni mama mkwe wake!

Sasa usiniambie "si anywe tu." Wewe hukulelewa milimani kule Bumbuli na bibi yake Yonathani. Kwao mwanamume hali mbele ya mama mkwe, hanywi, hata miayo ikimjia anageukia ukuta. Siku ya harusi yake mwenyewe alishinda na njaa mpaka mama huyo alipoondoka. Leo ndiyo amwonyeshe koo na magego? Halafu mama mwenyewe hajamwona tangu alipotoroka kijijini bila hata kuaga, miaka miwili iliyopita, akamwachia binti na aibu ya tarumbeta. Yonathani angekubali kusimama mbele ya hakimu mara mia kuliko mbele ya ile meza mara moja.

"Namba nane," aliita Modesta bila kuinua macho. Jina hakulitaja. Yonathani akaliona hilo, likamchoma.

"Leo tumbo haliko sawa," akasema, akageuka, akaondoka zake mbio.

Jumanne alikuja kajifunika blanketi kichwani, akaomba anywee nyuma ya mlango. Afande Nikodemo akang'aka, "We! Unadhani hapa baa?" Akaomba basi nesi ageuke. "Akigeuka ataona nini, ukuta?" Akaondoka tena mikono mitupu. Jioni arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, ikabisha hodi: kamasi, miayo, ngozi imemsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linamwendesha chooni kila dakika.

Silvano, mfungwa aliyelala jirani yake, hakumung'unya maneno. "Kesho siku ya tatu. Ukikosa siku tatu unafutwa kwenye orodha, unaanza kusubiri upya kama mgeni. Kuna watu ishirini wanaililia hiyo nafasi. Una nini, bwana?"

"Yule nesi ni mkwe wangu."

Silvano alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaona mwenzake analia kweli, akanyamaza. "Na unga je?" akauliza. "Ulipokuwa unauvuta, ulimwonea nani haya?"

Unga aliuvuta chooni, sokoni, stendi, hata nyuma ya kanisa. Haya zote alizozikosa huko zimemjia sasa, kwa mkupuo, mbele ya kikombe cha dawa! Aliogopa, na mimi kwa hilo simcheki. Mwili wake aliujua. Bila dozi, siku atakayofunguliwa geti miguu itampeleka Tanga kabla ya kumpeleka kwa Vumilia.

Jumatano akawa wa kwanza kwenye foleni. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akameza. Akashushia maji.

"Fungua," ikasema sauti ya mama mkwe, nayo kama ina mafua.

Akafungua. Mama yangu! Alifungua mdomo wote, macho kafumba, masikio yanawaka moto, ulimi juu.

"Sema neno," Afande akahimiza.

Matangazo ya ndoa yalikuwa yamemkimbia yote. Lilibaki neno moja, lile alilolikwepa miaka miwili.

"Shikamoo, mama."

Foleni ikaacha kukohoa. Yonathani akashindwa kuvumilia, akafumbua jicho moja. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, tochi inamulika sikio la Yonathani badala ya mdomo, na macho yeye mwenyewe kayafumba kwa nguvu zote. Machozi yanamtiririka chini ya miwani.

"Marahaba, baba," akasema.

"Kameza?" Afande akauliza.

"Sijui. Sijaona."

"Hujaonaje, nesi, na tochi unayo?"

"Nimwangalieje mkwe wangu mdomoni, afande? Kwani wewe huna wakwe?"

Foleni ikaangua kicheko. Nikodemo akainama akajifanya anafunga kamba za buti.

"Siku zote mbili hizi ulipokuwa unaondoka, nilikuwa nashukuru," Modesta akamwambia Yonathani polepole. "Jana nikajiuliza, hivi nashukuru nini? Mtoto wa watu atakufa kwa sababu tunaoneana haya." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akairudisha. "Fungua tena. Mara hii hakuna kufumba macho, mimi wala wewe."

Yonathani akafungua, akamtazama usoni. Naye akamulika sawasawa, kushoto, kulia, chini ya ulimi, bila haraka. Kisha akazima tochi, akaigeukia foleni.

"Amemeza," akasema, kwa sauti iliyomfikia hata aliyesimama mwisho. "Mkwe wangu amemeza."