Mvua ya Jagi

Vumbi la Februari halina adabu. Linapanda kutoka Barabara ya Ngong bila kubisha hodi, linaruka ua wa michongoma, linaingia bwenini na kulala kitandani kwa mtu kana kwamba limelipiwa karo. Na kule nyuma ya maabara, ndani ya uzio wa waya, linashuka taratibu katika kinywa cha kipimamvua, linatulia chini kabisa, jembamba, jekundu, likingoja.

Saa tatu kamili, andika ulichokiona.

Hiyo ndiyo amri katika shule hii ya wasichana iliyo ubavuni mwa mtaa wa Woodley, Nairobi. Kila asubuhi, mvua au jua, msichana mmoja wa Klabu ya Hali ya Hewa huenda kwenye kipimamvua, akasoma, akaandika kwa wino. Pasiponyesha, huandika sifuri. Akikosea, hafuti: hupiga mstari mmoja, ili kosa liendelee kusomeka, akaandika ukweli kando na kutia sahihi. Wako wafalme waliozikwa kwa heshima ndogo kuliko tarakimu iliyokosewa katika kitabu hicho.

Namalwa aliijua amri hiyo kama Baba Yetu. Ndiye aliyeivunja.

Ilikuwa mwaka jana, tarehe kumi na tatu Februari, akiwa kidato cha pili. Zamu ilikuwa yake, na jioni mbio za kilomita nane zilikuwa zikimsubiri kama jaji. Lakini sheria ya shule ilisema mvua ikipita milimita ishirini, hakuna mbio. Akachungulia ndani ya kipimamvua: vumbi tupu. Akatazama juu: buluu, kavu, isiyo na huruma. Akachota maji kwa jagi la bwalo la chakula, na palipokosa mvua, akanyesha yeye.

Milimita arobaini na moja. Aliiandika kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu wa michezo, mtu wa kuheshimu maandishi, akautazama uwanja uliokuwa ukitimka vumbi, akakitazama kitabu, akakiamini kitabu. Mbio zikafutwa. Wasichana mia tatu wakamwombea Namalwa maisha marefu. Na nani angeliogopa jagi moja?

Mwaka huu likaja tangazo. Ofisi moja ya hali ya hewa huko Hurlingham ilikuwa na nafasi kumi na mbili kwa wanafunzi wa Nairobi nzima: likizo ya Aprili wafundishwe utabiri, wafundishwe kuijenga dunia ndani ya kompyuta, hewa yake na bahari yake, udongo na msitu, kila kimoja kikimsukuma mwenzake. Sharti lilikuwa moja. Njoo na rekodi ya mvua ya shule yako, ya miaka mitatu, uitumie kutabiri masika yatafika lini hapo shuleni.

Namalwa alilisoma mara nne bila kufanya mzaha, jambo lililowatia rafiki zake hofu.

Mama yake, Millicent, hufua nguo za watu katika maghorofa ya Kileleshwa. Mfuaji huitazama mbingu kuliko rubani. Asubuhi ngapi mama huyo alisimama mlangoni, kidole kimelowa mate, akiuuliza upepo: niende au nisiende? Na mbingu, kwa kiburi chake, isimjibu. Namalwa aliapa kwamba itajibu. Kwa hiari au kwa kushurutishwa, itajibu.

Wiki mbili alishinda kwenye chumba cha kompyuta, na dunia yake ndogo ikamtii kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Kila Februari, tarehe kumi na tatu, iliiletea shule gharika. Katikati ya kiangazi, gharika. Ravneet, jirani yake wa dawati, mwenye ulimi wa pilipili, akauliza kama kompyuta hiyo imekunywa. Namalwa hakucheka. Alikuwa amelitambua jagi lake.

Mwalimu Kinyanjui, mlezi wa klabu, aliposikia akashika kichwa. Kisha, kwa sauti ya chini, akamshauri achukue tarakimu ya kituo cha jirani, aunakili ukurasa upya, shule isije ikaaibika. Naye Namalwa, mwongo mashuhuri wa kidato cha tatu, akakataa.

"Mwalimu, uongo wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha," akasema. "Huu wa pili hauna hata kichekesho."

Akapiga mstari mmoja. Kando akaandika: *Ni maji ya jagi. Hakukunyesha. Niliona vumbi ndani.* Akatia sahihi.

Saa tatu kamili, andika ulichokiona. Hata ukichelewa mwaka mzima.

Alipoupeleka utabiri na kitabu Hurlingham, watu watatu walimkalia mezani. Bi. Wavinya, mtabiri wa miaka mingi, aliweka kidole juu ya ule mstari. Jirani yake, bwana mwenye tai, ndiye aliyeuliza: kwa nini nafasi hii apewe mtu aliyekidanganya kipimamvua? Swali lilikuwa la haki, na lilikuwa kubwa kuliko chumba. Namalwa akainua kidevu.

"Kwa sababu nyinyi mnajua ukweli ulivyo," akasema. "Mimi najua uongo unavyoingia. Jagi moja tu, na dunia yangu nzima ikafurika. Mnahitaji mtu wa kuyanusa majagi, sir."

Mwenye tai akakohoa. Bi. Wavinya akataka kujua mvua itaanza lini pale shuleni. Kabla ya tarehe ishirini na mbili Machi, akajibu Namalwa. Basi siku hiyo alete kitabu, akaambiwa, wataamua wakishakiona.

Tarehe kumi na nane, sifuri. Kumi na tisa, sifuri. Ishirini, sifuri. Mawingu yalikuja juu ya Woodley yakajipanga kama wageni wa harusi, yakaondoka bila kula. Tarehe ishirini na moja, saa tatu kasoro dakika chache, Namalwa na Ravneet walisimama mbele ya kipimamvua. Ndani mlikuwa na vumbi.

"Jagi iko pale kwa mfereji," Ravneet akasema, nusu mzaha. "Kidogo tu. Nani ataona?"

"Kuna mtu atajenga dunia na hii namba," Namalwa akasema. "Pengine ni mimi."

Akaandika sifuri. Aliiandika kubwa, ya mviringo, kama jicho lililokataa kupepesa. Kisha akainua uso, akaiambia mbingu kimoyomoyo, kwa heshima zote: nyesha usinyeshe, sikusaidii tena.

Ikanyesha alfajiri iliyofuata, imechelewa siku moja, kama mheshimiwa anayekuja mkutanoni. Saa tatu kamili Namalwa alipochungulia, vumbi lote la kiangazi lilikuwa limegeuka matope mepesi. Milimita tatu na nusu. Akaandika alichokiona, na kidole gumba chake, kilichogusa matope hayo, kikaacha doa jekundu kando ya tarakimu.

Akatembea hadi Hurlingham, kitabu kikiwa kikavu ndani ya sweta, yeye mwenyewe akiwa chepechepe. Bi. Wavinya akateremsha kidole ukurasani: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, tatu na nusu.

"Umekosa kwa siku moja."

"Nimekosa kwa siku moja," Namalwa akakubali, asiinamishe kichwa.

"Sisi hukosa kwa zaidi." Akachukua kalamu, akaliandika jina lake kwenye orodha. "Jumatatu ya kwanza ya likizo. Saa tatu kamili."

Mwenye tai alikuwa ametoa leso, anataka kulipangusa lile doa. Bi. Wavinya akamshika mkono.

"Liache. Hilo nalo ameliona."

Na vumbi la Februari, lile lisilobisha hodi, likabaki ukurasani, limelowa, limekauka, limeketi kando ya namba ya kweli kama shahidi aliyekwisha kuapa. Nje, kuanzia Barabara ya Argwings Kodhek hadi kamba za nguo za Kileleshwa, mbingu ilikuwa imeanza kujibu.