Usinichagulie Maneno

Tangu msiba wa mama yake, kinyozi huyu hakuweza kukaa na kimya. Saluni, mashine ilinguruma hata pale ambapo hakuna kichwa kwenye kiti, na nyumbani redio iliwashwa tangu anafumbua macho. Ukimuuliza, atakwambia ni mazoea ya kazi. Mazoea gani! Mtu alikuwa anaogopa nyumba yake mwenyewe. Redio ikizimwa tu, kutoka chumba cha uani, kile alichofia mama, sauti ilikuwa inaita. Wala haikuwa sauti ya mizimu. Ilikuwa nyonge, ya mgonjwa aliyechoka, lakini aliisikia wazi kama unavyomsikia jirani akipiga mswaki.

Mdogo wake hakuwa na habari, na angezipata wapi? Alikuwa kiziwi tangu homa ilipomshika akiwa na miaka mitano. Nyumbani waliongea kwa mikono, na huyo binti mikono yake ilikuwa na domo balaa. Akianza kusimulia jambo, vikombe viondolewe mezani mapema. Ndiyo maana mama yao akambandika jina la Chiriku, na jina likamganda mpaka kwa majirani.

Sasa Chiriku alikuwa amepata nafasi chuoni, kozi ya juu ya historia ya dunia. Mhadhiri wa kozi hiyo haandiki ubaoni hata nukta. Anaongea huku anatembea, mara kageukia dirishani, mara kainamia vitabu vyake, na kusoma midomo ya mtu wa namna hiyo ni kujitesa bure. Mwandishi wa kumsaidia chuo hakikuwa naye. Mhadhiri akamwandikia kwenye kikaratasi kwamba atafute mtu wake wa kumwandikia notisi. Jumatatu, baada ya somo la kwanza, atamuuliza maswali. Akiyajibu anabaki, akishindwa akatafute kozi nyingine, na hapo hakuna kulia. Jamani, na binti wa watu alikuwa ameisubiri kozi hiyo muda wote aliokuwa akimuuguza mama!

"Nani ataniandikia?" Chiriku aliuliza kwa mikono.

"Si mimi hapa," kaka mtu akajibu, naye kwa mikono. "Asubuhi wateja wenyewe wa kuokoteza. Saluni nitafungua mchana."

"Wewe? Mwandiko wako kama kuku kaparura."

"Basi tumfundishe kuku."

Wakaanza mazoezi. Mahali penye maneno mengi kuliko saluni hapajapatikana, basi Jumatano kinyozi akamwachia mwenzake mashine, akakaa kwenye benchi na daftari, Chiriku ubavuni anasoma kadiri wino unavyotoka. Mwanzoni alikuwa anaachwa nyuma. Mtu kashamaliza habari ya mkopo kahamia ya ndoa, yeye bado anamalizia mkopo. Lakini alikuwa na kichwa chepesi. Akajifunza kumwandika msemaji kwa herufi moja, kuweka mshale mahali pa "kwa sababu hiyo", kuyala maneno marefu mikia. Chiriku alikuwa anatabasamu peke yake, kwa mara ya kwanza anajua wanaume wanasengenya nini wakiwa na povu masikioni.

Ndipo mteja mmoja, mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, akamtazama Chiriku kwenye kioo, akasema neno, na wenzake wakacheka chinichini. Kalamu ya kinyozi ikasimama.

"Kasema nini yule?"

"Si kitu."

"Kanitazama mimi, akasema si kitu?"

"Habari zao za mpira."

Chiriku alilifunga daftari, akatoka nje bila kumuaga mtu. Kinyozi akamfuata mbio, taulo bado begani, akamkuta kwenye kona ya duka la dawa. Mikono ya yule binti ilikuwa inakata hewa mpaka wapita njia wanapunguza mwendo.

"Maisha yangu yote ni si kitu! Watu wanacheka mezani, nauliza, si kitu. Wanagombana, ah, tutakwambia baadaye. Hiyo baadaye haijawahi kufika hata siku moja. Mnanichujia maneno kama chai ya mtoto. Darasani ukinifanyia hivyo, nimekwisha. Andika yote. Zuri, baya, la kipuuzi, andika. La kuacha nitaliacha mwenyewe. Usinichagulie!"

Kinyozi akalitoa taulo begani. "Alisema masikini, binti mzuri hivi, nani atamwoa bubu."

Chiriku akalitafuna lile neno.

"Umeona? Sijafa," alisema. "Kamwambie kwamba mke wake anasikia vizuri sana, na bado hamsikilizi."

Kinyozi akacheka, lakini kicheko chenyewe kiliishia menoni. Usinichagulie. Lile neno akarudi nalo saluni, akalala nalo na kuamka nalo. Kuna jambo alikuwa amekwisha kumchagulia mdogo wake, kubwa kuliko maneno ya mzee wa misumari, na alitegemea afe nalo.

Jumamosi mchana walikuwa nyumbani, mezani sebuleni, wanafanya zoezi lililofanana zaidi na darasa. Redioni kulikuwa na kipindi cha historia, mwanamume mmoja anaeleza habari za tauni ya zamani, ilivyopita bandari hadi bandari. Alikuwa anaongea kasi kama anayefukuzwa, na kinyozi kalamu yake ilikuwa haipumui. Mkono ulikuwa umeshakolea. Ulikuwa unaandika wenyewe, kichwa hakina habari, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa anataka. Chiriku aliisoma kila sentensi ikiwa bado mbichi na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Umeme ukakatika.

Redio ikafa katikati ya neno, feni ikazunguka kivivu ikasimama, na nyumba ikawa kimya. Kinyozi hakutambua. Mkono uliendelea kwenda, mstari baada ya mstari, mpaka alipohisi kidole cha Chiriku kikimgonga kwenye kifundo.

"Taa ya redio imezimika," Chiriku alisema. "Unamwandika nani?"

Kinyozi akatazama ukurasa. Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake uleule wa kuku: *Tauni ikashuka na abiria wa meli. Matajiri wakakimbilia mashambani. Waliobaki mjini Chiriku. Chiriku mwanangu. Chiriku njoo. Niitie Chiriku. Chiriku.*

"Nimechoka," alisema haraka. "Nimechanganya mambo."

"Hujachanganya. Anayeniita mwanangu ni mmoja tu." Chiriku aligeuka kuutazama mlango wa kwenda uani, kisha akamrudia kaka yake. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama aliniita?"

Kinyozi alinyanyua mkono kusema si kitu. Mkono ukafika nusu ya njia, ukakataa. Aliuona ukining'inia hewani kama wa mtu mwingine, akaushusha mapajani.

Chiriku akafungua ukurasa mpya, akausukuma mbele yake.

"Ile siku. Uliniambia alilala tu, hakusema neno. Niandikie. Kama darasani, nani kasema na kasema nini."

"Mdogo wangu, tafadhali."

"Ukiacha neno moja, Jumatatu usije. Nitakwenda peke yangu nikafeli. Bora nifeli kuliko kuijua dunia uliyonichagulia wewe."

Haya. Angefanyaje? Alichukua kalamu, jasho linamtoka mpaka karatasi inanata kwenye kiganja. Akaandika.

Aliandika kwamba ilikuwa mchana, na Chiriku alikuwa uani anafua, mgongo kwa dirisha, hatua chache tu kutoka kitandani. Mama akafumbua macho. Akataka kunyanyua mikono, mikono ikakataa, maana tangu jana yake ilikuwa haina nguvu hata ya kushika kijiko. Miaka yote mama huyu alizungumza na bintiye kwa mikono, na siku hiyo alikuwa amebakiwa na sauti peke yake. Basi akaita kwa sauti. Yeye kinyozi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amemshika kiganja. Kilichotakiwa ni kusimama, kutoka mlangoni, kumgusa Chiriku begani. Hakusimama.

Chiriku hakungoja amalize. "Kwa nini?"

Kinyozi hakuiacha kalamu azungumze kwa mikono. Akaliandika na hilo.

*Nilitaka aniite mimi.*

Akaandika kwamba tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba. Mwambie mdogo wako, mlete mdogo wako, mtazame mdogo wako asije akagongwa na baiskeli. Mikono ya mama ilikuwa ya Chiriku, macho ya mama yalikuwa kwa Chiriku, na wala hakuwahi kumchukia kwa hilo, alimpenda kama roho yake. Lakini siku ile, pale kitandani, alijiambia mara moja tu, jamani, mara moja tu na mimi. Kila mama alipoita, alijiambia kwamba sasa ataniita mimi, nikishaitwa nitakwenda kumleta. Akamwambia, "Mama, mimi nipo hapa." Mama akamtazama, akamjua kabisa, akasema, "Niitie Chiriku." Akamjibu, "Anakuja." Akabaki amekaa. Mama akaita tena, na tena, sauti inapungua, mpaka ikawa midomo peke yake. Halafu midomo nayo ikaacha. Nje alisikia maji ya beseni yakimwagwa.

Chiriku alisoma yote, kidole chini ya kila mstari. Kilipofika kwenye *Anakuja* kilisimama hapo muda mrefu. Kinyozi aliomba moyoni apigwe kibao, atukanwe, lolote. Hakupigwa.

"Sauti yake ilikuwaje?" Chiriku aliuliza.

"Ilikuwa ndogo."

"Mimi sijui ndogo. Nionyeshe."

Akasogea, akaweka kiganja kooni kwa kaka yake.

Kinyozi aliita. "Chiriku." Ilitoka sauti ya mwanamume, sauti ya saluni, na aliona haya ingawa dada yake asingeweza kujua. Alifumba macho. Ile sauti nyingine alikuwa anaijua, kwani ni nani aliyekuwa akiisikia kila siku? Aliilegeza pumzi, akalivuta jina mwishoni kama alivyolivuta mama. "Chirikuu. Mwanangu, njoo." Koo lilitetemeka chini ya kiganja cha binti. Chiriku alikuwa amesimama wima, makini, kama mtu anayempima mgonjwa homa, na mkono wake wa pili ulisema, "Tena." Akaita tena. "Tena." Akaita mpaka machozi yakamwingia mdomoni, mpaka sauti ikamkauka na kutoka hewa tupu.

Ndipo Chiriku akafungua kinywa. Sauti yake kinyozi alikuwa karibu ameisahau. Aliiacha kuitumia tangu watoto wa shule walipomcheka. Ilikuwa nzito na isiyo na mizani, inapanda pasipopandwa, lakini matamshi yalikuwa yaleyale ya mtoto wa miaka mitano, pale homa ilipoyaachia.

"Abee," alisema. "Abee, mama."

Kinyozi akaangua kilio, mtu mzima, kichwa mezani juu ya daftari. Akanyoosha mkono amshike dada yake, dada akautoa kwa kiwiko, bila nguvu, kama unavyoondoa pazia.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," mikono ya Chiriku ilisema. "Usichelewe. Utaandika yote, na mimi nitakuwa nakutazama." Macho yalikuwa yamemjaa lakini hayamwagiki. "Sasa toka mbele yangu. Leo siwezi kukuona."

Alitoka, akakaa kizingitini. Umeme ukarudi, na ndani yule bwana wa redio akaanza kubwabwaja upya habari zake za tauni. Kinyozi akapitisha mkono dirishani, akaizima mwenyewe. Akakaa anasubiri kuisikia ile sauti ya chumba cha uani.

Ikaja sauti, lakini haikuwa ya mama. Chiriku alikuwa ameingia kule na kufunga mlango, na alikuwa anasema kwa nguvu, kama mtu asiyejua sauti yake inafika wapi. "Abee. Abee, mama." Ananyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake aseme, kisha anajibu tena. Mitaa ya nyuma ilimsikia. Jirani akachungulia juu ya ukuta, ana mwiko mkononi, akauliza kuna nini humo ndani.

"Dada yangu," kinyozi alisema. "Anamwitikia mama."