Kumfikisha Ketsia

Asubuhi ya tatu, Joséphine, fundi cherehani wa mtaa wa Ngezi, alifungua mlango akamkuta tena Ketsia barazani, mtoto mchanga kifuani. Mama huyo alikuwa amekimbia kutoka kijijini kwao, upande wa Iga Barrière, nyumba zao zilipochomwa.

Siku mbili Joséphine alimpa uji, akajiambia inatosha, lakini roho haikutulia. Ilikuwa mwezi wa tano, 2003, vita vya makabila vimeingia mjini. Vijana wenye bunduki, watu wa kabila lake Joséphine, walipita nyumba kwa nyumba wakisaka wa kabila la Ketsia. Kumwacha nje ni kumtoa auawe. Kumficha ni kuwaponza watoto wake mwenyewe.

Risasi zilipolia karibu na soko, akakata shauri.

“Ingia ndani, haraka!”

Ketsia akatikisa kichwa. “Hapana, mama. Kwetu walijificha ndani, wakaungua. Siye wenye tulilala inje, tulipona.”

Joséphine akashikwa na haya. Siku zote hizo hakuwa amemuuliza. “Sasa unataka nini?”

“Unifikishe ku aeroport, kwa kambi ya ba ONU. Wakiniuliza njiani, sijue luga yao.”

Joséphine akawaacha watoto kwa jirani. Akamfunga kichanga mgongoni mwake mwenyewe, akamtwika Ketsia beseni la nguo, kama mfanyakazi anayekwenda kufua.

Kwenye kizuizi cha barabarani cha wale vijana wenye bunduki, mtoto akaangua kilio.

“Mutoto ya nani?” kijana mmoja aliuliza kwa lugha yao.

“Yangu,” Joséphine akajibu kwa lugha hiyohiyo.

“Basi umunyonyeshe!”

Kitindamimba wake alikuwa na miaka minane. Akaketi juu ya jiwe, akamwekea mtoto titi kavu. Mtoto akavuta, akanyamaza. Joséphine alipoinua macho, aliona blauzi ya Ketsia inalowa maziwa. Taratibu, Ketsia akashusha beseni kutoka kichwani, akalikumbatia kifuani.

Mtoto akaachia titi, akaanza kulia upya. Kijana akasonya. “Mwende! Anatupigia kelele.”

Walitembea upesi mpaka langoni pa kambi ya Umoja wa Mataifa, pale uwanja wa ndege. Ketsia akampokea mwanawe, kisha akamtazama Joséphine kwa hofu.

“Na weye? Utapitaje pale bila mutoto?”

Joséphine hakuwa amelifikiria hilo. Akarudi akikizunguka kizuizi kupitia mashamba ya mihogo, akilala chini kila aliposikia sauti. Alifika kwake jua likizama, magoti yana matope, akawachukua wanawe kwa jirani, akawahesabu mara mbili. Wiki nzima, kila mlango ulipogongwa, aliwahesabu tena.