Zindiko la Duka la Anifa

Duka la Anifa lilivunjwa mara mbili kabla ya msimu wa pamba, na mara zote mbili mlinzi alikuwa amelala usingizi wa pono. Mara ya kwanza wezi walikata kufuli. Mara ya pili waliona kufuli zinawachelewesha, wakatoboa bati la paa wakashuka ndani kama wenye nyumba. Walibeba betri za sola, taa, nyaya, na hata kiti cha plastiki alichokuwa akikalia. Kiti, jamani! Anifa alilia kwa ajili ya kile kiti kuliko betri zote.

Alikuwa mjane, na duka hilo la vifaa vya sola hapo mjini Bariadi ndilo pekee aliloachiwa na marehemu mumewe. Likivunjwa tena, basi, angefunga virago. Alimfukuza mlinzi, akanunua kufuli tatu nene, na bado usingizi ukamkataa. Ndipo likamjia wazo ambalo siku ile aliliona ni la kijanja sana.

Alichukua kipande cha kaniki, akakijaza pamba ya godoro kuukuu, vipande vya mkaa na vifungo vya shati, akakizungushia uzi mwekundu. Akakitundika juu ya mlango wa duka. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Justina muuza chapati, mwanamke mwema ila hana kifua hata kidogo.

"Nimelizindika duka," akamnong'oneza. "Mzee aliyenifanyia katoka mbali. Mwizi akigusa kitu changu, tumbo linavimba mpaka arudishe. Usimwambie mtu."

"Mimi tena, dada? Nife nayo!"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Anifa alicheka nyuma ya kaunta mpaka machozi yakamtoka. Na kweli, msimu wote ule hakuna aliyegusa hata msumari wake. Watu walianza kupita upande wa pili wa barabara, naye akadhani ni heshima.

Mchana mmoja akaingia mwanamke wa makamo, vumbi limempanda mpaka magotini, betri kichwani. Aliitua sakafuni, akapiga magoti, akamwamkia mama mwenye duka kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Mimi Nyanjige, natoka Nkololo. Hii ni ya kwako. Aliichukua mwanangu Bujiku ile mara walipotoboa paa. Sasa tumbo limemvimba, analia usiku kucha. Nakuomba umtegulie."

Anifa alizunguka kaunta, akamwinua. "Mpeleke hospitali, mama."

"Tegua kwanza, mayu."

"Hakuna cha kutegua. Nilidanganya ili niwatishe wezi."

Nyanjige alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyeficha sukari mgongoni. "Wenye dawa hawakubali kwamba wanayo," akasema.

Watu walikuwa wameanza kujaa mlangoni. Kwa hasira na woga Anifa akapanda juu ya stuli, akaling'oa zindiko, akalipasua kwa mkasi mbele ya macho yao. "Oneni! Pamba! Mkaa! Vifungo!" Vifungo vikabingirika mpaka barabarani, na watu wakaruka nyuma wasije wakavikanyaga.

"Asante, mayu," Nyanjige alisema huku analia. "Umetegua."

Jioni ile Bujiku alifikishwa hospitali. Utumbo ulikuwa umejisokota, wakampasua, akapona. Nani alimtaja daktari? Hakuna. Nyanjige alileta jogoo, akashukuru pale barazani kwa sauti iliyofika sokoni, na Anifa akatamani ardhi ipasuke immeze.

Baada ya jogoo wakaja wengine. Mmoja alitaka mke mwenzake asizae. Anifa alimfukuza, naye akaondoka akisema, "Kumbe unachagua wa kumsaidia." Haukupita muda mtoto wa fundi cherehani jirani akafa kwa homa. Anifa alipokwenda msibani na kuketi mkekani, wanawake waliinuka mmoja mmoja wakahamia upande mwingine. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Siku moja alisahau kufunga duka. Asubuhi alikuta mlango uko wazi na kila kitu mahali pake, hata kiti kipya alichokiacha barazani. Zamani angeshukuru Mungu. Sasa aliogopa kuingia.

Jioni ya siku hiyo, akiwa anafunga, alimwona Justina anafungasha jiko, masufuria na benchi lake.

"Unahama, Justina?"

Justina hakuinua uso. "Dada, kuna wanaume wawili, si wa hapa. Juzi walikunywa chai kwangu, wakauliza yule mchawi wa duka analala wapi. Wallahi sikuwaambia."

"Na leo?"

Justina alilibeba jiko. "Leo wamekuja. Hawakuuliza."

Anifa alirudi mpaka mlangoni pa duka lake, akasimama. Aliuwaza mlango wa chumba anacholala, wa mbao laini, unaofungwa kwa msumari uliopindwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angetaka kuuvunja.

Akazifungua zile kufuli tatu za duka, akazitia kwenye mkoba. Mlango akaurudishia tu. Kisha akashika njia ya nyumbani, mbiombio, mkoba mzito ukimgonga pajani, jua likiwa bado halijazama.