Karamu, Si Kalamu

Asubuhi ile Aidah hakutaka kwenda popote. Magauni ya maharusi yalikuwa yamelundikana mezani kwake, mtaani Nyamirambo, na bibi harusi mmoja hakomi kupiga simu. Lakini mama mkwe akisema twende, fundi cherehani huchomeka sindano na kuinuka.

Mukandekezi, mama wa mumewe, alikuwa anasafiri kesho yake kwenda Ngara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, alikozaliwa na kukulia ukimbizini. Alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake, Verediana, aliyeolewa kulekule na kubaki kulekule. Na hakutaka kwenda mikono mitupu.

"Veredi ana redio ya CD," alisema. "Hana mambo ya simu za kupangusa. Nataka nyimbo zetu za usichana, zote kwenye sahani moja."

Basi wakaenda mjini, kwenye jengo la maduka lenye mashine ya nyimbo. Ilisimama karibu na ngazi, ndefu kama kabati, ina kioo cha kugusa. Unatafuta nyimbo zako mwenyewe, unalipa kwa simu, nayo inakutolea CD yenye jalada lake. Muuzaji hakuna.

"Habari za asubuhi," Mukandekezi akaiamkia.

"Mama, hiyo ni mashine."

"Imeandika Karibu. Mtu akikukaribisha unanyamaza?"

Aidah akachagua Kiswahili, wakaanza. Nyimbo za kwanza zilipatikana vizuri, na mkwe akawa anatingisha mabega kwa kila moja. Kisha akasema, "Sasa ile yenyewe. Kalamu ya Kwetu."

Aidah akaandika. Ikaja sauti ya watoto wa chekechea wanaojifunza kuandika. Mukandekezi akausikiliza wimbo mpaka mwisho, uso umemkunjamana.

"Si huu."

"Ndiyo kalamu hiyo, mama."

"Kalamu ya kula! Watu wanapika, watu wanacheza!"

"Karamu!"

"Si ndivyo nilivyosema?"

Aidah akavuta pumzi, akaandika upya. Safari hii zikaja kwaya, kwaya tupu, karamu za mbinguni kutoka juu ya kioo hadi chini. Jina la bendi Mukandekezi hakulijua. Alichojua ni gitaa la mwanzo, likilia tiri-tiri-ti, na akaliimba kwa sauti pale pale mbele ya wapita njia. Mashine, kwa kukaa bila kuguswa, ikauliza kama bado wapo.

"Tupo, mwanangu, tupo!" mkwe akaijibu.

Kabla Aidah hajanyoosha kidole, kioo kikarudi mwanzo. Nyimbo zote walizochagua zikafutika.

Nyuma yao mwanaume mwenye tai alikohoa. Aidah akampisha kwa mkono, bila kumtazama. Yule bwana akagusa hapa, akagusa pale, akachukua CD yake na kwenda zake kama mtu aliyenunua maji. Hilo lilimuudhi Aidah kuliko yote.

Wakaanza tena, wimbo kwa wimbo, wakafika pale pale. Kioo kikaonyesha kitufe chekundu: CHOMA.

"Usiguse!" Mukandekezi akamshika mkono. "Unataka kuziunguza?"

"Kuchoma ni kuzirekodi, mama."

"Na wimbo wangu haumo."

"Basi chagua mwingine!" Aidah akapasuka. "Wimbo ni wimbo! Nani atajua?"

Mukandekezi akaenda kuketi kwenye ngazi, mkoba mapajani. Aidah akamfuata, bado ana hasira.

"Baba yetu alikuwa akituchezesha huo, mimi mkono huu, Veredi mkono huu," mkwe akasema taratibu. "Alipofariki nilitoka huku mbio, nikakuta kaburi limeshafukiwa. Hawakuningoja. Sijamsemesha Veredi tangu siku ile. Sasa nikifika mlangoni pake nianze na neno gani? Nilitaka wimbo uanze kwanza."

Aidah akamwinua, wakarudi. Pembeni ya kioo palikuwa na picha ya kipaza sauti, akaigusa. "Imba, mama. Labda itautambua."

Mukandekezi akaimba, wote, beti na kiitikio, mkono mmoja kiunoni. Watu wakasimama. Mwanamke mmoja akapiga makofi. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikaandika: Hakuna.

"Haya," mkwe akasema. "Choma."

Ikauliza jina la kuandikwa kwenye jalada. Aidah alikuwa bado anakitafuta kitufe cha kukizima kipaza sauti pale Mukandekezi aliposema neno lililokuwa likimsumbua muda mrefu, na mashine, iliyoshindwa kusikia yote, hilo ikalisikia sawasawa. Jalada likatoka lina herufi kubwa: AIDAH FANYA HARAKA MKOJO UMENIBANA.

Mashine haikukubali kulibadilisha. Mkwe akaondoka nalo hivyo hivyo.

Kesho yake jioni Aidah alikuwa kwenye pindo la gauni simu ilipolia kutoka Ngara. Alidhani atasikia kilio. Alisikia zogo. Verediana alikuwa amelisoma jalada mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini, hata salamu hawakuwahi kupeana. Sasa wanagombana.

"Mwambie mkweo!" Verediana akafoka. "Wimbo haukuitwa Karamu hata siku moja! Na baba alikuwa ananichezesha mimi, yeye alikuwa anachoma mihogo!"

"Muongo!" Mukandekezi akadakia kwa nyuma. "Aidah, usimsikilize! Urudi kwenye ile mashine kesho."

"Mama, nina magauni..."

"Magauni yana miguu?"

Wakaendelea kufokeana, kila mmoja akiimba kipande chake ili amkosoe mwenzake. Aidah akaiweka simu mezani, akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno. Walipotulia kidogo akaichukua tena.

"Mama mdogo," akasema, "nitajie jina la huo wimbo. Herufi moja moja, tafadhali."